Swichi ya kiini ya mtoa huduma wa intaneti: maswali yanayotangulia bei

Kampuni ndogo ya intaneti mjini Dodoma huanza na ruta moja, minara michache na swichi yoyote iliyopatikana dukani, na kwa muda fulani mpangilio huo hutosha. Wateja wa Kisasa, Ilazo na Nzuguni wanapoongezeka, mnara wa Mtumba unapounganishwa, na seva za kuhifadhi maudhui zinapowekwa kwenye raki, vifaa vyote hivyo huhitaji mahali pamoja pa kukutania, na hapo ndipo inapokaa swichi ya kiini. Upande mmoja hupokea faiba inayotoka Dar es Salaam kupitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Upande mwingine huunganisha ruta za mpaka zinazotazama intaneti ya nje, ruta zinazowapokea wateja kwa PPPoE (itifaki ya kumtambua na kumuunganisha kila mteja), seva, na viungo vya redio na faiba vinavyokwenda mitaani. Ikizimika, hakuna mteja anayebaki hewani. Ikiwa haikuzimika bali ilichaguliwa vibaya, usumbufu huja kwa sura nyingine: malalamiko yanamiminika kila jioni, grafu zinaonyesha kwamba viungo vimejaa nusu tu, na fundi hajui aanzie wapi.

Anayetafuta swichi ya namna hii hukutana kwanza na tarakimu kubwa. Swichi ya QFX5100-48S ya Juniper, kwa mfano, ina poti 48 za gigabiti 10 na poti 6 za gigabiti 40. Ukijumlisha unapata gigabiti 720 kwa sekunde, na kwa kuwa watengenezaji huhesabu kuingia na kutoka, karatasi ya bidhaa itaandika terabiti 1.44. Tarakimu hiyo ni ya kweli, lakini haimsaidii mnunuzi kuchagua. Tuchukue kampuni ya mfano yenye wateja 4,000 ambao saa za jioni kila mmoja hutumia wastani wa megabiti 2 kwa sekunde: jumla ni gigabiti 8. Hata tukizidisha mara tano kwa ajili ya ukuaji na kwa ajili ya miezi ya Bunge la bajeti, ambapo hoteli na nyumba za wageni hujaa, bado hatujakaribia uwezo wa swichi ya kawaida ya miaka kumi iliyopita. Karibu kila swichi inayouzwa leo kwa kazi hii inaweza kupitisha pakiti, yaani vipande vidogo vya data, kwa kasi kamili ya poti zake zote, ikiwemo hesabu ngumu ya fremu (pakiti ikiwa ndani ya bahasha yake ya Ethernet) ndogo za baiti 64, ambazo kwenye poti moja ya gigabiti 10 hufikia milioni 14.88 kwa sekunde. Kwa hiyo swali la uwezo wa jumla lijibiwe kwa dakika chache, kisha liachwe, kwa sababu tofauti kati ya swichi nzuri na mbaya haiko hapo.

Jambo linalotakiwa kuamuliwa kabla ya kutazama bidhaa yoyote ni kazi ambazo swichi hii haitafanya. Swichi za kisasa zina uwezo wa kuelekeza pakiti kwa anwani za IP, na nyingi zinaweza kuzungumza BGP, lugha ambayo mitandao hutumia kuambiana njia, jambo linalomshawishi mwenye kampuni kufuta ruta kwenye bajeti yake. Tatizo ni kumbukumbu maalumu iliyo ndani ya chipu, ambamo njia huandikwa ili zitafutwe kwa kasi ya umeme. Kumbukumbu hiyo ni ghali, inakula nguvu nyingi, na ukubwa wake haubadiliki baada ya kununua. Jedwali kamili la njia za IPv4 duniani, yaani orodha ya njia za kufikia mitandao yote ya intaneti, limeingia katika kiwango cha takribani milioni moja, wakati swichi nyingi za aina hii zina nafasi ya makumi au mamia machache ya maelfu. Tarehe 12 Agosti 2014 jedwali hilo lilipovuka njia 512,000, ruta za zamani katika nchi mbalimbali ziliishiwa nafasi hiyo kwa siku moja, na sehemu za intaneti zikayumba. Vifaa vilikuwa vizima, umeme ulikuwepo, nyaya hazikukatika. Mwenye swichi inayobeba njia laki moja na ishirini na nane ambaye anapokea jedwali zima kutoka kwa kampuni mbili za Dar es Salaam anajitengenezea siku kama hiyo mwenyewe. Jedwali kamili likae kwenye ruta ya mpaka. Swichi ipewe njia za ndani ya mtandao, njia ya jumla ya kutokea nje, na pengine njia chache za kituo cha kubadilishana trafiki. Vivyo hivyo kazi ya kutafsiri anwani na kazi ya kupunguza kasi ya kila mteja kulingana na kifurushi chake hazipaswi kuwa hapa.

Baada ya kazi hizo kuondolewa, swichi imebaki na jukumu moja kubwa: kupokea fremu kwenye poti hii na kuitoa kwenye poti ile. Jukumu hilo huonekana jepesi mpaka pale kasi za poti mbili zinapotofautiana, na katika mtandao wa mtoa huduma wa intaneti kasi hutofautiana kila mahali. Seva ya maudhui imeunganishwa kwa gigabiti 10. Mnara wa Ihumwa umeunganishwa kwa redio ya gigabiti 1. Seva ikitoa mkupuo wa megabaiti 1 kwa kasi yake kamili, mkupuo huo unafika ndani ya milisekunde 0.8, na katika muda huo poti ya mnara imeweza kutoa megabaiti 0.1 tu. Megabaiti 0.9 zilizobaki ni lazima zisubiri mahali fulani, la sivyo zinatupwa. Ni kama maji ya korongo la masika yanapofika kwenye kalavati moja. Mahali pa kusubiria panaitwa bafa, na swichi niliyoitaja hapo juu ina bafa ya megabaiti 12 inayogawanywa na poti zake zote. Poti kumi na mbili zikipokea mikupuo ya namna hiyo kwa wakati mmoja, zinahitaji megabaiti 10.8, yaani karibu bafa nzima. Na kwa kawaida chipu hairuhusu poti moja ichukue zaidi ya sehemu fulani, hivyo upotevu huanza kabla bafa haijajaa.

Hii ndiyo sababu ya ile grafu inayoonyesha nusu. Mifumo mingi ya ufuatiliaji huchukua wastani wa dakika tano. Mkupuo unaodumu milisekunde chache huzama kabisa ndani ya wastani huo, lakini pakiti zilizotupwa haziwezi kuzama: zinahesabiwa kwenye kaunta ya poti, mahali ambapo wengi hawaangalii. Kwa mteja, pakiti chache zilizopotea zinatosha kuifanya TCP, itifaki inayosimamia usafirishaji wa data nyingi za intaneti, ipunguze kasi, na kadiri seva ilivyo mbali ndivyo inavyochelewa kuirudisha. Nuru ndani ya faiba husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo safari ya kwenda na kurudi kati ya Dodoma na Dar es Salaam, kwa umbali wa kilomita 450 hivi, ni milisekunde 4.5, lakini mazungumzo na seva ya Ulaya huchukua zaidi ya milisekunde 100, na kila kupoteza hulipiwa kwa mizunguko kadhaa ya muda huo.

Je, basi inunuliwe swichi yenye bafa kubwa? Ziko swichi kama zile za familia ya 7280 ya Arista, zilizojengwa kwa chipu zinazotumia kumbukumbu ya nje ya gigabaiti kadhaa, na bei zake zinalingana na sifa hiyo. Kanuni ya zamani ilisema kwamba bafa ya kiungo iwe sawa na kasi yake ikizidishwa kwa muda wa kwenda na kurudi: kwa gigabiti 10 na milisekunde 100, megabaiti 125. Kwa kanuni hiyo, swichi ya megabaiti 12 haifai hata kutajwa. Hata hivyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2004 kwamba kiungo kinapobeba mazungumzo mengi (miunganisho ya TCP) yasiyofuata mwendo mmoja, kiasi hicho kinaweza kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mazungumzo. Kiungo cha Dar es Salaam chenye mazungumzo 10,000 kinagawanywa kwa 100, na megabaiti 125 zinakuwa 1.25. Mnara wa gigabiti 1 wenye mazungumzo 100 unaanza na megabaiti 12.5, unagawanywa kwa 10, na unafika kwenye 1.25 ile ile, ingawa kiungo chake ni kidogo mara kumi. Kwa maneno mengine, hofu ya bafa haipaswi kuelekezwa kwenye faiba kubwa inayokwenda Dar es Salaam, ambako watu wengi huielekeza, bali kwenye poti ndogo zinazotazama mitaani, ambako mazungumzo ni machache na kasi inashuka ghafla. Poti kumi au kumi na tano za namna hiyo ndizo zinazoimaliza bafa ya pamoja.

Kutokana na hilo, maoni yangu ni kwamba kampuni ya ukubwa huu isikimbilie swichi ya bei kubwa kwa ajili ya bafa kabla ya kufanya mambo mawili ya bure au ya gharama ndogo. La kwanza ni kuweka ukomo kwenye ruta inayowapokea wateja, si kwa kila mteja peke yake tu bali kwa jumla ya mnara mzima, ukomo huo ukiwa chini kidogo ya uwezo halisi wa redio. Foleni itajipanga kwenye ruta, yenye kumbukumbu ya kutosha na akili ya kuchagua cha kutanguliza. Trafiki ya seva za maudhui nayo ipitie hapo hapo. La pili ni kuondoa tofauti ya kasi pale inapowezekana: redio inayokubali poti ya gigabiti 10 iunganishwe kwa gigabiti 10, hata kama hewani inapitisha chini ya hapo, ili foleni ihamie kwenye redio yenyewe. Na bafa kubwa mno ina ubaya wake. Gigabaiti 4 zikisubiri zote kwenye poti ya gigabiti 1 zitahitaji sekunde 32 kumalizika. Hakuna swichi inayoachwa ifike huko, lakini hata nusu sekunde ya kusubiri inatosha kuharibu simu ya video ya mtumishi aliyeko ofisini Mtumba.

Kuna suala jingine ambalo halionekani kwenye karatasi ya bidhaa na ambalo, kwa uzito, ningeliweka karibu na bafa: namna swichi inavyogawa mzigo kwenye viungo vilivyofungwa pamoja. Viungo viwili vya gigabiti 10 vikiunganishwa kwa LACP, itifaki ya kufunga viungo kadhaa viwe kama kimoja, havigeuki kuwa bomba moja la 20. Swichi huchukua baadhi ya taarifa za kila fremu, hupiga hesabu, na matokeo huamua fremu ipite kiungo kipi, ili pakiti za mazungumzo yale yale zisipitane njiani. Kila kitu kinategemea ni taarifa zipi zinazochukuliwa. Kati ya swichi na ruta ya mpaka, anwani za MAC, yaani namba za utambulisho za vifaa vyenyewe, ni mbili tu, ya huku na ya kule. Hesabu ikifanywa kwa MAC, trafiki yote itapita kiungo kimoja na cha pili kitalala. Hapo zinatakiwa anwani za IP na namba za poti za TCP na UDP (si poti za swichi). Upande wa wateja hali inageuka, kwa kuwa fremu zao zimefungwa ndani ya PPPoE na chipu nyingi haziwezi kuchungulia ndani yake kuiona IP. Hapo MAC za wateja, ambazo ni nyingi na tofauti, ndizo zinazogawa mzigo vizuri. Swichi bora hutumia IP inapoiona na kurudi kwenye MAC isipoiona. Lakini zipo ambazo mpangilio wake ni mmoja kwa swichi nzima, na fundi hulazimika kuchagua upande upi uumie. Mnara ukiletwa ndani ya handaki la MPLS, mfumo unaopeleka pakiti kwa kufuata lebo zilizobandikwa juu yake, mambo huzidi, kwani swichi isiyoweza kusoma zaidi ya lebo itaupeleka mnara mzima kwenye kiungo kimoja. Muuzaji aulizwe hili kwa maandishi, na jibu lake lijaribiwe.

Masuala ya VLAN, yaani mitandao inayotenganishwa kwa namba juu ya vifaa vile vile, na ukubwa wa fremu hayana ubishi mkubwa. Namba za VLAN zinazotumika ni 4,094, na anayetaka kumpa kila mteja yake atahitaji lebo mbili juu ya fremu moja, uwezo ambao leo ni wa kawaida. Jedwali la MAC la maelfu 32 linatosha kwa wateja 4,000, mradi kila nyumba iwe na ruta yake na vifaa vya ndani visionekane kwenye mtandao. Kuhusu ukubwa wa fremu, poti zote za ndani ziwekwe baiti 9,000 au zaidi tangu siku ya kwanza, ili baiti 8 za PPPoE, lebo za VLAN na lebo za MPLS zipate nafasi juu ya baiti 1,500 za mteja. Tahadhari moja tu: watengenezaji hawahesabu sawa, wengine wakijumlisha kichwa cha Ethernet na wengine wakikiacha, hivyo namba zinazofanana kwenye vifaa viwili zinaweza kuwa na maana mbili.

Swichi moja haitoshi kwa kiini. Hapo wote wanakubaliana, na ubishi huanzia kwenye namna ya kuziunganisha mbili. Njia nyepesi ni kuzifunga ziwe kama swichi moja yenye ubongo mmoja: unaisimamia mara moja, na kila kifaa kinafunga viungo viwili bila kujua kwamba vinaishia kwenye masanduku tofauti. Raha hiyo inalipiwa siku ya kubadilisha programu, kwa kuwa ubongo ukianza upya, masanduku yote mawili yanaweza kuondoka pamoja, na hitilafu ya programu katika moja ni hitilafu ya zote mbili. Njia ya pili, inayoitwa MLAG, huacha kila swichi na ubongo wake, huku zikikubaliana kupitia kiungo cha kati. Hapa hatari ni kiungo hicho kukatika na kila swichi kudhani mwenzake amekufa. Ya tatu ni kuziacha swichi mbili zikijitegemea kabisa, ruta zikiwa na mguu mmoja kwenye kila swichi, na OSPF, itifaki ya njia za ndani ya mtandao, ikiamua njia. Mimi huegemea ya tatu popote penye ruta, na kuiacha MLAG kwa vifaa visivyojua kuelekeza njia, kama seva. Fundi anayelala karibu na simu hupenda mtandao ambao anaweza kuzima nusu yake saa nane usiku, akabadilisha programu, akawasha, bila kumwomba mtu ruhusa.

Tukifika kwenye chumba chenyewe, Dodoma ina mahitaji yake. Vumbi la kiangazi huingia kila mahali, na swichi yenye feni kumi huvuta hewa mchana na usiku. Chumba kisiwe na dirisha linalofunguliwa, na uelekeo wa hewa uagizwe sawa kwa vifaa vyote, kwani swichi hiyo hiyo huuzwa ikiwa inavuta hewa kutoka mbele au kutoka nyuma, na mbili zinazopuliziana ndani ya raki moja hupashana joto. Nyingi zimeruhusiwa kufanya kazi hadi nyuzijoto 40 au 45 za hewa inayoingia, kiwango ambacho chumba kilichofungwa hukifikia haraka kiyoyozi kinapozimika pamoja na umeme. Kila swichi iwe na pawa saplai mbili zinazoweza kuchomolewa bila kuizima, na kama kampuni ina betri za volti 48 kwa ajili ya redio, aina ya pawa saplai inayotumia umeme huo huondoa haja ya inveta katikati. Swichi mbili zinazokula wati 200 kila moja zinahitaji kilowati-saa 1.6 kwa saa nne za giza. Betri za risasi zisipotolewa zaidi ya nusu, hiyo ni karibu ampea-saa 67 za volti 48, mzigo ambao betri nne za kawaida za volti 12 na ampea-saa 100, zikiunganishwa mfululizo, zinaubeba.

Moduli za nuru, zinazochomekwa kwenye poti ili kutuma na kupokea nuru ya faiba, zinastahili kuingizwa kwenye hesabu ya bei mapema, kwa sababu zikijumlishwa zinaweza kuipita bei ya swichi iliyotumika. Baadhi ya watengenezaji hufanya swichi zao zikatae moduli za kampuni nyingine, au zikubali tu baada ya amri maalumu. Uchaguzi wa moduli yenyewe hufuata urefu wa faiba, si wa barabara. Kutoka katikati ya mji hadi Mtumba, moduli ya kilomita 10 haifiki. Mtu akidhani kwamba ya kilomita 80 ni salama zaidi kwa kuwa ina nguvu, atakuta kwamba kwenye faiba fupi nuru yake inazidi kipimo cha mpokeaji na inaweza kumharibu, hivyo lazima kiwekwe kipunguza nuru. Ya kilomita 40 ndiyo inayofaa hapo, nayo ipimwe nuru inayofika kabla ya kuachwa.

Swichi zilizotumika, zilizotolewa kwenye vituo vya data vya Ulaya na Marekani, ndizo zinazoweza kununuliwa na kampuni nyingi za ukubwa tunaouzungumzia, na sioni aibu yoyote katika hilo. Kinachotakiwa kuchunguzwa ni kama leseni inaambatana na kifaa au ilibaki kwa mmiliki wa kwanza, kama mtengenezaji bado anatoa marekebisho ya usalama, na kama kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kwani vifaa vya mawasiliano vinavyoingizwa nchini vinahitaji idhini hiyo. Kwa fedha inayonunua swichi moja mpya yenye mkataba wa matengenezo, mara nyingi zinapatikana tatu zilizotumika za aina moja: mbili zikafanya kazi, ya tatu ikakaa kwenye rafu ikiwa na programu ile ile na nakala ya mipangilio. Ningechagua hizo tatu. Mkataba unaoahidi kifaa mbadala siku inayofuata ya kazi huwa na maana kwa aliye karibu na ghala la muuzaji. Treni ya SGR imeifanya Dar es Salaam kuwa safari ya saa chache, lakini haifungui ghala usiku wa Jumamosi.

Swichi ikishafika, isifungwe kabla ya kupewa wiki moja mezani. Seva mbili zenye kadi za gigabiti 10 na programu huria ya kupima kasi, iperf3, zinatosha kutengeneza mikupuo kuelekea poti moja ya gigabiti 1 huku kaunta ya pakiti zilizotupwa ikitazamwa. Kisha viwekwe viungo viwili vya LACP na PPPoE ipitishwe humo, ili ionekane kama vyote viwili vinafanya kazi. Pawa saplai moja ichomolewe, halafu ya pili peke yake. Mwisho swichi izimwe kabisa na kuwashwa, na muda upimwe tangu umeme urudi hadi fremu ya kwanza ipite: swichi nyingi za daraja hili huhitaji dakika kadhaa, na muda huo ndio utakaoandikwa kwenye maelezo ya fundi wa zamu, ili asije akaichomoa tena katikati ya kuwaka akidhani imekufa.